Sigiri ya Mkaa Ilivyoingia Majumbani Mwetu



Mvua ikinyesha hapa Mbuya tangu Alasiri mpaka Ishaa, baridi ya kilimani huingia hata chini ya blanketi. Kampala ipo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na ingawa Ikweta haiko mbali, usiku wetu wa mvua si usiku wa Mombasa. Hapo ndipo sigiri iliyomaliza kazi ya kupika husogezwa karibu na mlango. Mahindi au gonja huwekwa juu ya makaa yaliyobaki, watoto hunyoosha mikono, na mzee ambaye kutwa nzima hakusema neno huanza kusimulia mambo ya zamani. Raha hiyo haina gharama ya ziada, maana mkaa ulikwisha nunuliwa kwa ajili ya maharage.

Wala kuota moto na familia si jambo dogo. Katika kisa cha Nabii Musa ('alayhis-salaam), kama kilivyotajwa katika Suratun-Naml, alipouona moto kwa mbali aliwaambia ahli zake kwamba atawaletea habari, au kijinga cha moto wapate kuota. Baba alikwenda kutafuta joto kwa ajili ya watu wake.

Wanafunzi wetu wa madrasa huidhani sigiri kuwa kitu cha mababu. Kumbe ni mgeni, tena mgeni wa juzi tu. Mababu waliota moto wa kuni kwenye mafiga matatu. Waganda huyaita amasiga, na neno hilohilo, essiga, ndilo jina la tawi kubwa la ukoo katika Buganda. Waswahili nao mpaka leo husema fulani kapata jiko, wakimaanisha ameoa. Katika lango la Kabaka ulikuwapo moto uitwao Ggombolola, ambao haukuzimwa maadamu mfalme yu hai. Alipofariki, tangazo lilikuwa kwamba moto wa Buganda umezimika. (Vijana wanaolijua neno gombolola kwa maana ya kata ya serikali tu, sasa wamejua lilikotoka.) Basi kwa watu wa nchi hii moto na nyumba vilikuwa kitu kimoja.

Tuzingatie pia nyumba yenyewe ilivyokuwa. Paa lilikuwa la nyasi, na moshi ulipenya taratibu kupitia nyasi hizo huku ukifukuza wadudu waharibifu. Nyumba ilivuja hewa kila upande. Hili tulikumbuke, kwa sababu ndipo penye kiini cha maneno yetu.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi. Wengi walioandika juu ya majiko wanasema kwamba jiko la bati la mkaa liliingia Afrika Mashariki pamoja nao, na jina linaunga mkono habari hiyo: katika lugha za Bara Hindi chombo hicho huitwa sigri, sigdi au sagdi, na Waganda wakasema essigiri. Reli ilifika Kampala mwaka 1931. Mji ukapanuka, na wafanyakazi wakaishi katika vile vyumba vya kupanga vya mlango mmoja ambavyo hapa huitwa mizigo. Chumba cha namna hiyo hakina nafasi ya mafiga, na paa lake ni la bati. Sigiri ilikaa humo kana kwamba ilitengenezwa kwa ajili yake. Ni nyepesi, hubebwa kwa mkono mmoja, na mkaa ukishakolea hautoi moshi wa kuonekana.

Na hapo ndipo mtego ulipo. Kuni mbichi zikiwaka, macho hutoka machozi na mtu hukimbilia nje. Mkaa haumpi mtu onyo lolote. Makaa yanapofunikwa na majivu meupe, wakati ambao familia nyingi huona sigiri imetulia na inafaa kuingizwa chumbani, bado yanatoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Katika karne ya 19 mwanasayansi wa Kifaransa Claude Bernard alionyesha kwamba hewa hiyo huishika damu na kuinyima oksijeni, na leo inajulikana kuwa huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika. Mtu huumwa kichwa kidogo, husikia usingizi mzito, hulala. Katika sehemu za baridi kama Kabale, au Limuru kule Kenya, habari za watu waliolala na jiko chumbani wasiamke hurudi kila msimu wa baridi.

Tatizo hili halikuanza katika vyumba vya maskini. Mwaka 364 mfalme wa Warumi aitwaye Jovian, aliyekuwa ametawala miezi minane hivi, alikutwa amekufa usiku mahali paitwapo Dadastana, katika Uturuki ya leo. Waandishi wa zama zile walitaja sababu mbalimbali, na mojawapo ni mvuke wa mkaa uliowashwa chumbani mwake kwa ajili ya baridi. Mfalme mzima, na askari mlangoni!

Waarabu wa Sham nao walilijua jiko la kuotea moto tangu kale, na waliliita kanun. Desemba kwao ni Kanun al-awwal na Januari ni Kanun ath-thani, yaani miezi inayobeba jina la jiko. (Wanafunzi wasichanganye: kanun hii ni kwa herufi ya kaf, ile ya sheria ni kwa qaf.) Lakini habari inayotupendeza zaidi ni ya Ibn Battuta, ambaye watoto wetu wanamfahamu kwa kuwa alifika Mombasa na Kilwa yapata mwaka 1331. Katika safari zake za Anatolia aliukuta mji wa Bolu wakati wa baridi, akafikia katika zawiya ambamo moto uliwashwa daima. Aliandika kwamba kila pembe ya jengo ilikuwa na mahali pa moto, na kila moto ulikuwa na njia yake ya kupandisha moshi juu ili usiwadhuru watu. Wageni walifurahia joto, na moshi ulikwenda zake. Sisi tulipewa sigiri bila ile njia, kwa sababu asili yake kwetu ilikuwa chombo cha vibarua waliopika uwanjani.

Baadhi ya ndugu hutuambia kwamba majiko ya kisasa yameondoa hatari hiyo. Tunalazimika kuwapinga. Jiko lenye kiuno chembamba na udongo wa mfinyanzi ndani lilianza kutengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa mfano uliochukuliwa Thailand na kurekebishwa, na Maxwell Kinyanjui ni mmoja wa walioshughulikia umbo lake. Mafundi wa jua kali wakalisambaza, na aina zake zikafika hata huku Uganda. Faida yake ni kubwa: hupunguza mkaa kwa theluthi moja hivi au zaidi, na ubavu wake hauunguzi watoto kama bati tupu. Lakini linachoma mkaa uleule, na hewa inayotoka ni ileile. Udongo hauchuji sumu.

Jambo la kuzima moto kabla ya kulala halitegemei sayansi ya karne ya 19. Katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim imepokewa kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (Radhiya Allaahu 'anhu) kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku na watu wake wamo ndani. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alipopewa habari aliueleza moto kuwa ni adui kwa watu, akaamrisha uzimwe wakati wa kulala. Kisa ni cha moto wa kuunguza, lakini hatuoni kwa nini familia iliyosoma habari hiyo iingize sigiri chumbani na kufunga dirisha. Sigiri iwashiwe nje, iotewe mlangoni au barazani hewa ikipita, na kabla ya kulala itolewe nje na kuzimwa kabisa. Mwenye kuumwa kichwa mbele ya jiko asimeze dawa akajilaza. Atoke nje kwanza, naye akatoe na waliolala.

Siku hizi raha yenyewe imefupika kwa sababu nyingine. Mei 2023 amri ya Rais ilipiga marufuku biashara ya mkaa unaotoka kaskazini mwa Uganda, ambako miti ilikuwa ikimalizwa kwa ajili ya majiko ya miji kama wetu. Katika nyumba tunazozijua hapa Mbuya mkaa sasa huhesabiwa. Maharage yakiiva tu makaa humwagiwa maji, na kukicha huanikwa juani yatumike tena. Watoto wanaotaka kuota moto huwahi kabla mama hajachukua kopo la maji.