Dawa ya mseto ilivyotoka kwenye kitabu cha mganga wa Kichina

Wadau, nikigusia dawa za Kichina tu hapa kijiweni vurugu inaanza. Kuna wanaosema Mchina anatibu kila kitu, kuna wanaosema ni usanii mtupu. Nimeona niwaletee historia yenyewe kidogo.

Tiba hii ni ya zamani kweli. Kitabu chake cha msingi, Huangdi Neijing, kina miaka kama 2,000. Baadaye Li Shizhen akaandika Bencao Gangmu, kikachapishwa 1596: vitu vya tiba 1,892, na namna za kuchanganya dawa kama 11,000. Si mchezo.

Ila msidhani Wachina wenyewe waliikubali siku zote. Mwaka 1929 kuliletwa pendekezo serikalini la kuifuta kwa kuwa eti imepitwa na wakati. Waganga wakapinga nchi nzima, ikashindikana. Wakomunisti waliposhika nchi 1949 wakakuta madaktari wa kizungu ni wachache mno, wakaamua kuitumia na hiyo. Mwaka 1956 vikafunguliwa vyuo vinne vya tiba ya Kichina.

Sasa tuje kwenye kinachotuhusu sisi tunaougua malaria. Wakati wa vita ya Vietnam, malaria ilikuwa inawamaliza askari wa Kaskazini na klorokwini imeshagoma. Tarehe 23 Mei 1967 Uchina ikaanzisha mradi wa siri, Mradi 523. Mwaka 1969 akaingia mama mmoja, Tu Youyou, asiye na shahada ya udaktari wa falsafa. Kikosi chake kikapekua vitabu vya kale na kujaribu mimea kibao. Mmoja, qinghao, leo ulifanya kazi, kesho hapana. Akarudi kusoma kitabu cha Ge Hong cha karne ya 4: loweka majani kwenye maji, kamua, kunywa. Hakuna mahali panaposema chemsha! Hapo akashtuka kwamba huenda moto ndio unaua dawa. Akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo tu, na Oktoba 1971 vimelea vyote kwenye panya vikafa. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakainywa wenyewe kabla ya kumpa mgonjwa. Nobeli akaja kuipata 2015, ana miaka 84.

Dawa hiyo ni artemisinini, ndugu yake ndiye aliyemo kwenye ALu, mseto tulioanza kupewa hospitalini Tanzania mwishoni mwa 2006.

Lakini angalieni: mganga alitoa wazo, maabara ndiyo iliyotoa kidonge. Anayekuuzia majani ya artemisia uchemshe kama chai hakwambii kwamba WHO haishauri, maana kiasi cha dawa humo hakieleweki. Na neno "asilia" lisikulaze. Miaka ya 1990 kule Ubelgiji wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo kwa vidonge vya kupunguza unene vyenye mmea wa Kichina, aristolochia.

Halafu kuna punda wetu. Ngozi zao huchemshwa kutengeneza ejiao, dawa ya kuongeza damu wanayosema wao. Wizi wa punda ukazidi vijijini hadi Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kuzuia punda kuchinjwa kwa ajili ya ngozi. Mwenye mkokoteni aliyeibiwa punda wake, hiyo dawa inamtibu nini?