Amri na Shahada: Mafunzo ya Mwalimu na Nafasi ya Kiswahili katika Uganda

Tunapozungumza juu ya historia ya Kiswahili katika Uganda, sisi walimu wa lugha hii hutaja amri. Hutaja nani aliyeitoa, mwaka gani, na nani aliyeipinga. Habari hizo ni za kweli, na hapana budi zijulikane. Lakini iko historia nyingine isiyosimuliwa sana, ingawa ndiyo inayoamua kila asubuhi kama mtoto wa kidato cha kwanza atamwona mwalimu wa Kiswahili mbele yake au hatamwona. Hiyo ni historia ya shahada ya ualimu: jinsi ilivyoanza, jinsi ilivyogawanywa katika sehemu zake, na mlango uliowekwa kwa yule anayetaka kuisomea. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba historia hizi mbili hazitenganiki. Kila mara amri ilipotangulia bila shahada kuifuata, Kiswahili kilibaki kwenye karatasi.

Vyeti kabla ya shahada

Mafunzo ya walimu katika Uganda yalianzishwa na misheni, kwa kuwa shule zenyewe zilikuwa za misheni. Mwalimu wa kwanza alikuwa msaidizi wa mhubiri, akifundisha kusoma na kuandika ili waumini waweze kusoma vitabu vya dini. Serikali iliingia baadaye. Makerere ilipofunguliwa mwaka 1922 ilikuwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 tu, waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Haukupita muda mrefu ikaongeza masomo ya uganga, kilimo na ualimu.

Kadiri shule zilivyoongezeka, vyeti vya ualimu vilipangwa kwa madaraja. Kipimo cha madaraja hayo kilikuwa kimoja: kiasi cha elimu aliyokuwa nayo mtu kabla ya kuingia chuoni. Kwa muda mrefu mwalimu wa Daraja la Tatu alikuwa yule aliyemaliza kidato cha nne, kisha akasoma miaka miwili katika chuo cha ualimu wa shule za msingi. Aliyemaliza kidato cha sita aliweza kwenda Chuo cha Taifa cha Ualimu, akasoma miaka miwili na kupata stashahada ya kufundisha sekondari. Juu ya hao alikuwapo mwenye shahada ya chuo kikuu.

Ngazi hii yafaa iangaliwe vizuri. Mwalimu wa Daraja la Tatu alifundishwa kuwa mwalimu wa masomo yote ya shule ya msingi, lakini mwenye stashahada na mwenye shahada walifundishwa kuwa walimu wa masomo mawili. Basi mtu alipopanda ngazi, elimu yake ilizidi kina lakini upana wake ulipungua. Somo ambalo halikuwa mojawapo ya masomo yale mawili lilikosa mtu wake.

Makerere na mpango wa kufuatana

Mwaka 1949 Makerere ilifanywa Chuo Kikuu kishiriki chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London. Mitaala, mitihani na shahada vilifuata kanuni za London. Mwalimu wa sekondari alitakiwa kwanza asome shahada ya sanaa au ya sayansi kama mwanachuo mwingine yeyote, kisha aongeze mwaka mmoja wa stashahada ya elimu. Huu ndio mpango tunaoweza kuuita mpango wa kufuatana: elimu ya somo kwanza, elimu ya kufundisha baadaye.

Mpango huo ulikuwa na sifa yake. Mwanachuo alilijua somo lake barabara kabla ya kushika chaki. Lakini ulikuwa na upungufu mkubwa kwa nchi zilizokuwa zikikaribia uhuru. Aliyemaliza shahada yake alikuwa akigombewa na kila ofisi ya serikali na kila kampuni, na wachache walikubali kuongeza mwaka mwingine ili wawe walimu. Ndiyo sababu mwaka 1961 ulianzishwa mpango wa kuleta vijana wa Kimarekani wenye shahada, na wenzao wa Uingereza. Wengi wao walipitia Makerere kupata mafunzo ya ualimu, kisha wakatawanywa katika shule za sekondari za Afrika Mashariki. Shule zilipata walimu, lakini walikuwa wageni wa miaka michache, nao hawakuja kufundisha Kiswahili.

Hapa pana jambo la kushangaza. Mwaka 1952, wakati serikali ya kikoloni ya Uganda ilipoacha kukitambua Kiswahili kuwa lugha ya kufundishwa shuleni, isipokuwa kwa askari polisi na watoto wao, Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilihamishwa kutoka Nairobi kuja Makerere. Kwa muda wa miaka kumi hivi utafiti wa lugha yetu ulikaa juu ya mlima huo huo waliposomea walimu wa Uganda. Lakini kazi ya Kamati ilikuwa msamiati, vitabu na usanifishaji. Haikuwa chuo cha ualimu. Lugha iliweza kuchunguzwa katika chumba kimoja, huku katika chumba cha pili mwalimu akifundishwa pasipo kuitaja.

Dar es Salaam, Nairobi na mpango sambamba

Mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam ziliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichodumu hadi 1970. Masomo ya kazi maalumu yaligawanywa: udaktari Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Ualimu haukuweza kubaki mahali pamoja, maana kila nchi iliuhitaji. Mwaka 1964 Dar es Salaam ilifungua Idara ya Elimu na kuanzisha shahada iliyochanganya masomo ya kufundisha na masomo ya elimu tangu mwaka wa kwanza. Mwanachuo alisoma historia au fizikia asubuhi, na saikolojia ya mtoto alasiri. Alipomaliza miaka mitatu alikuwa msomi na mwalimu kwa wakati mmoja. Huu ndio mpango sambamba.

Kenya nayo ilifuata njia iliyofanana na hiyo. Chuo cha Kenyatta kilifanywa sehemu ya Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970, na mwaka 1972 kikapokea wanachuo 200 wa kwanza wa Shahada ya Elimu. Makerere yenyewe baadaye iliukubali mpango sambamba, nao ndio uliozoeleka zaidi katika vyuo vikuu vya Uganda, ingawa stashahada ya uzamili ya elimu haikufutwa.

Kwa Kiswahili, tofauti kubwa ilitokea mwaka 1970, Dar es Salaam ilipofungua Idara ya Kiswahili iliyofundisha Kiswahili kwa Kiswahili. Tangu hapo mwanachuo wa ualimu wa Tanzania aliweza kukichagua Kiswahili kuwa mojawapo ya masomo yake mawili, sawa na historia au jiografia. Tanzania ilikuwa na amri ya kukitukuza Kiswahili, na papo hapo ikawa na njia ya shahada ya kumpata mwalimu wake.

Nguzo tatu za shahada

Shahada ya ualimu, popote ilipo katika nchi zetu, husimama juu ya nguzo tatu. Ya kwanza ni masomo mawili ya kufundisha. Ya pili ni masomo ya elimu: falsafa, historia na sosholojia ya elimu, saikolojia, mitaala, upimaji, na mbinu za kufundisha kila somo. Ya tatu ni mazoezi ya kufundisha, ambapo mwanachuo hupelekwa shuleni kwa wiki kadhaa, akafundisha darasa halisi huku mkufunzi akimkagua na kumpa alama.

Urefu wa shahada hutegemea elimu iliyotangulia. Katika Uganda, ambako mwanafunzi hupita kidato cha tano na cha sita, huchukua miaka mitatu. Kenya, ilipoingia katika mfumo wa 8-4-4, iliondoa vidato hivyo viwili, na shahada ikawa ya miaka minne.

Nguzo hizi zinategemeana. Mwanachuo asiyekuwa na Kiswahili katika masomo yake mawili hawezi kusoma mbinu za kukifundisha. Na asiyesoma mbinu hizo hawezi kupangiwa darasa la Kiswahili wakati wa mazoezi. Tena yuko mwanachuo anayekisoma Kiswahili, lakini shule aliyopelekwa haina somo hilo. Huyo atamaliza mazoezi yake kwa kufundisha somo lake la pili tu, na siku atakapoajiriwa atalisimamia darasa la Kiswahili kwa mara ya kwanza bila mtu wa kumwongoza.

Mlango na duara

Tatizo kubwa zaidi liko mlangoni. Chuo kikuu kwa kawaida humpa mwanachuo masomo aliyofaulu katika mtihani wa kidato cha sita. Shule ambayo haina mwalimu wa Kiswahili haiwezi kutoa mtahiniwa wa Kiswahili; pasipo watahiniwa hakuna wanachuo; pasipo wanachuo hakuna wahitimu; na pasipo wahitimu shule ile ile itabaki bila mwalimu. Duara hili halikuumbwa na chuki ya mtu yeyote. Limejengwa na kanuni ambazo kwa masomo mengine ni za busara kabisa, kwa sababu masomo hayo yalikwisha kuwamo shuleni kabla ya kanuni kuandikwa.

Sasa tuziweke amri zetu kando ya duara hili. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipendekeza Kiswahili kikuzwe katika elimu na utawala wa Uganda. Kabaka Daudi Chwa alipinga, na viongozi wa misheni pia walipinga. Wapinzani wake waliona kwamba lugha hii ingedhoofisha lugha za wenyeji na kuiburuta Uganda katika muungano na Kenya ya walowezi. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, lakini tangazo lilitoka katika miaka ambayo walimu na wahadhiri walikuwa wakiikimbia nchi, na lugha ikazidi kuhusishwa na kambi ya jeshi badala ya darasa. Mwaka 1992 Waraka wa Serikali juu ya Elimu, uliotokana na kazi ya Tume ya Profesa Senteza Kajubi, ulikipa Kiswahili nafasi ya heshima katika mitaala. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa, kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2020 mtaala mpya wa sekondari ukakifanya somo la lazima katika vidato viwili vya kwanza, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari.

Kati ya mwaka 1927 na 2022 ni miaka 95. Upinzani wa zamani umepungua sana, na leo wazazi wengi wanaitaka lugha ya majirani na ya biashara. Kinachokosekana zaidi ni mtu wa kuingia darasani.

Nafasi iliyofunguka

Mwaka 2019 serikali ilipitisha sera mpya ya walimu, inayotaka kila mwalimu awe na shahada, hata wa shule ya msingi na ya watoto wadogo. Vyeti vya Daraja la Tatu vikawekwa katika njia ya kuondoka, na vyuo vitano vya taifa vya ualimu, yaani Kabale, Kaliro, Mubende, Muni na Unyama, vikaunganishwa chini ya chuo kimoja cha taifa cha elimu ya ualimu, UNITE. Tangu siku za misheni, ngazi ya ualimu katika Uganda haijapata kubomolewa na kujengwa upya kwa kiasi hiki.

Ngazi inapojengwa upya, huo ndio wakati wa kuuliza Kiswahili kitasimama wapi. Kwa maoni yangu, mambo matatu yafaa yadaiwe. Kwanza, mlango ufunguliwe kwa wanaoanza: mwanachuo mwenye kipawa cha lugha, ingawa hakufanya mtihani wa Kiswahili wa kidato cha sita, apewe masomo ya maandalizi, kisha aruhusiwe kuendelea na shahada. Bila hatua hiyo duara halitavunjika. Pili, shahada ya mwalimu wa shule ya msingi iwe na Kiswahili ndani yake kwa kila mwanachuo, maana mwalimu huyo hufundisha masomo yote, na ndiye atakayemkuta mtoto angali mdogo. Tatu, shule zenye walimu wazoefu wa Kiswahili ziteuliwe kuwa shule za mazoezi, ili mwanachuo asirudi chuoni bila kusimama hata siku moja mbele ya darasa la lugha yake.

Madai haya hayana kishindo cha tangazo la taifa. Yanahusu orodha za masomo, masharti ya kuingia chuoni na ratiba za mazoezi, mambo ambayo hujadiliwa katika kamati za vyuo na mara chache huandikwa magazetini. Lakini historia tuliyoipitia yaonyesha kwamba hapo ndipo lugha hupata walimu au huwakosa. Ndugu walimu, tumezoea kungoja amri. Amri tunazo za kutosha. Sasa twende tukaketi katika kamati hizo.