Santuri Mama Haikupigwa

Kazi yangu ni mastaringi: napokea wimbo uliokwisha kuchanganywa, nauweka sawa, kisha nautoa ukiwa tayari kwa wasikilizaji. Mezani pangu ipo swichi ya kuchagua nisikilize sauti kutoka wapi: kabla ya ikwalaiza inayosawazisha besi na sauti za juu, baada ya kompresa inayopunguza tofauti za ukubwa wa sauti, au mwisho kabisa wa njia. Naiheshimu sana swichi hiyo, maana asili yake ni santuri, na santuri ilikuwa na sharti gumu.

Santuri ya LP ilitoka mwaka 1948, na tepu ilipoenea studioni, kazi ya fundi ikawa kuhamisha muziki kutoka kwenye tepu hadi kwenye sahani ya alumini iliyopakwa laka. Sindano iliyopashwa moto iliichonga laka hiyo. Kiwandani sahani ilipakwa fedha, ikafunikwa nikeli, na humo zikatoka kalibu za kufyatulia nakala. Santuri za bendi zetu zilizofyatuliwa Nairobi nazo zilizaliwa kwa kalibu za namna hiyo. Lakini laka ni laini mno. Kuipiga hata mara moja kungechubua sauti za juu, kwa hiyo santuri mama, yaani sahani hiyo ya laka, haikupigwa. Fundi aliikabidhi kazi yake bila kuisikia.

Tegemeo lake lilikuwa njia za umeme. Alisikiliza tepu yenyewe, akasikiliza kilichotoka kwenye ikwalaiza. Baadhi ya vichwa vya kuchongea, kama vile vya Neumann, vilikuwa na koili zilizorudisha ishara ya mwendo wa sindano, naye kwa ishara hiyo akaisikia sindano ikichonga. Alipotilia shaka kipande fulani alichonga sahani ya majaribio, akaipiga, akaitupa. Mifereji aliikagua kwa darubini iliyofungwa kwenye mashine.

Besi nzito huutanua mfereji. Ukimgusa jirani yake, sindano ya msikilizaji huruka. Fundi akiiachanisha mifereji muda wote, nafasi huisha kabla ya muziki. Mjerumani Eduard Rhein alikuwa miongoni mwa waliotafuta namna ya kuibananisha panapowezekana. Mashine ilihitaji kujua mapema kinachokuja, na LP huzunguka mara moja kwa sekunde 1.8. Basi mashine ya tepu ikawekwa vichwa viwili vya kusomea. Cha kwanza kilipeleka sauti kwenye kikokotozi cha nafasi za mifereji; tepu ikapitia roli za ziada; cha pili kikapeleka sauti ileile kwenye sindano.

Hapo meza ya fundi ikalazimika kuwa na kila kitu mara mbili. Ukiongeza besi kwenye njia ya sindano bila kuiongeza kwenye njia ya kikokotozi, nafasi itakayotengwa si ya muziki unaochongwa. Tena upande mzima ulichongwa bila kusimama, ndiyo maana meza nyingi zilikuwa na seti A na seti B: wimbo wa kwanza ukipita A, fundi alikuwa akiiandaa B kwa wimbo wa pili, akibadili katika ule ukimya mfupi wa katikati. Vitufe viligeuka kwa hatua, ili vipimo viandikwe na kurudiwa vilevile.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 zikaja mashine za kidijiti za kuchelewesha sauti. Kichwa kimoja cha tepu sasa kilitosha: sauti ilikwenda moja kwa moja kwenye kikokotozi, nakala yake iliyocheleweshwa ikaenda kwenye sindano. Fundi aliyesikiliza kabla ya kicheleweshi alisikia tepu safi, huku laka ikichongwa na sauti iliyokwisha kugeuzwa tarakimu.

CD ilipoingia sokoni mwaka 1982, kazi ilikabidhiwa kiwandani kwenye kanda za U-matic, na hatimaye fundi akaweza kusikiliza nakala mama yenyewe. Mpangilio wa zamani ukabaki, nasi tunauhitaji. Nalinganisha kabla na baada kwa ukubwa uleule wa sauti, maana sikio hulipenda lililo kubwa hata likiwa baya. Na kila anayejifunza kwangu namtaka anieleze, kabla hajagusa kitufe chochote, sauti anayoisikia imetoka wapi na imepita wapi. Asiyejua hilo hawezi kuitolea hukumu.