Majitaka ya Mifugo, Viuagugu na Usalama wa Maji ya Makutupora

Jiji la Dodoma hutegemea kwa sehemu kubwa maji ya visima virefu vya Bonde la Makutupora, kaskazini mwa jiji. Kwa sababu hiyo, kinachopuliziwa na kumwagwa mashambani katika eneo linalolisha bonde hilo kinamhusu pia mkazi wa mjini.

Majitaka ya mifugo, yaani mkojo na kinyesi vilivyochanganyika na maji ya kuoshea mabanda, yana naitrojeni na fosforasi inayohitajika sana katika udongo wa nyanda za kati. Hata hivyo, hubadili mwenendo wa viuagugu ardhini. Atrazini, inayotumika katika mahindi, hushikwa kwa udhaifu na udongo wa kichanga wenye mboji kidogo. Mboji iliyoyeyuka katika majitaka yaweza kuibeba na kushuka nayo. Glaifoseti hushikamana imara na mfinyanzi na madini ya chuma, lakini fosfeti iliyomo katika majitaka hugombea nafasi hizo hizo na huweza kuiachilia. Samadi iliyooza vizuri ni jambo jingine: huongeza mboji isiyoyeyuka, ambayo hushikilia atrazini, na hulisha vijidudu vinavyoivunjavunja.

Kumbukumbu za miaka 55 za kina cha maji Makutupora, zilizochambuliwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, zilionesha kuwa akiba hiyo haijazwi kila mwaka. Hujazwa hasa katika misimu michache ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama ule wa El Niño wa 1997/98. Mvua hizo zinazoleta maji ndizo zinazoweza kuteremsha kilicholala udongoni; sampuli ya kisima iliyochukuliwa wakati wa ukame pekee haitoshi kumpa mtu utulivu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda meta 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa. Umbali huo husaidia dhidi ya maji yanayotiririka juu ya ardhi, si dhidi ya kemikali inayoshuka wima.

Mkulima anashauriwa kutumia viuagugu vilivyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko, kuozesha samadi kabla ya kuitandaza, na kutomwaga majitaka kwenye shamba lililotoka kupuliziwa dawa, hasa mvua kubwa inapotabiriwa.