Table Mountain: Mlima wa Kuitazamia Bahari

Mwaka 1503 nahodha wa Kireno António de Saldanha alikuwa amepotea. Alikuwa njiani kwenda India, na hakuna aliyekuwa na hakika chomboni kama wameshaipita Rasi ya Tumaini Jema au bado. Mbele yao palikuwa na ghuba, na nyuma ya ghuba mlima mrefu wenye kilele bapa kama meza. Saldanha akashuka pwani, akaupanda. Inadhaniwa alifuata ule ufa mkubwa uliopasua uso wa mlima, ambao leo unaitwa Platteklip Gorge. Alipofika juu akaona alichokitaka: rasi imejinyoosha kusini kuingia baharini, na ng'ambo yake ghuba nyingine pana, False Bay. Akajua alipo. Yeye ndiye wa kwanza ambaye safari yake ya kuupanda Table Mountain iliandikwa, ingawa Wakhoi, wafugaji wa nchi ile, walikuwa wakiishi chini ya mlima huo karne nyingi kabla yake.

Siku hizi watu hupanda kilele hicho cha Cape Town, chenye urefu wa mita 1,086, kwa ajili ya mazoezi na mandhari. Lakini kwa muda mrefu baada ya Saldanha, aliyeonekana huko juu kwa kawaida alikuwa na shida na bahari. Anatafuta njia, au anangoja meli, au anamkimbia mwenye meli. Historia ya mlima huu naiona zaidi katika macho ya watu hao kuliko katika mawe yake.

Na njia iliyokuwa ikitafutwa pale ilikuwa inakuja kwetu. Rui Lourenço Ravasco, nahodha mwenzake Saldanha katika msafara uleule, alitengana na wenzake akafika Unguja, akateka vyombo vya wenyeji na kumlazimisha mtawala wao kulipa kodi ya dhahabu kila mwaka. Miaka miwili baadaye, 1505, akapita Francisco de Almeida na merikebu zake. Mwezi Julai aliiteka Kilwa, mwezi Agosti akaipora Mombasa na kuichoma moto. Mtu huyohuyo, aliyekuwa mwakilishi wa kwanza wa mfalme wa Ureno huko India, alikuwa anarudi kwao mwaka 1510 alipotia nanga chini ya Table Mountain ili ateke maji. Ukazuka ugomvi kati ya mabaharia wake na Wakhoi. Tarehe 1 Machi Wareno walikivamia kijiji chao wakiwa na panga na mikuki, wakaanza kuondoka na ng'ombe. Wakhoi walikuwa wamewafundisha ng'ombe wao kuitikia mbinja; wakawapigia, ng'ombe wakageuka, na wenyewe wakasonga mbele nyuma ya mifugo huku wakirusha mikuki na mawe. Wareno walizama miguu katika mchanga wa ufukweni. Zaidi ya 50 walikufa, Almeida akiwa mmojawao. Kwa msomaji wa Kilwa au Mombasa, ufukwe ule si ugenini mtupu.

Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki ilifika kukaa mwaka 1652, ikiongozwa na Jan van Riebeeck. Ilitaka kituo cha maji, mboga na nyama kwa meli zake. Kazi ngumu za kituo hicho zilifanywa na watumwa; walioletwa kwa meli hadi mwaka 1808 wanakadiriwa kufika 63,000. Walitoka Bengal na pwani nyingine za India, visiwa vya Indonesia, Madagaska, na pwani ya Afrika Mashariki, hasa Msumbiji. Kati ya 1776 na 1778 meli za Kampuni zilitoka Cape hadi pwani ya Waswahili, Zanzibar ikiwamo, kununua watu. Hata baada ya Waingereza kupiga marufuku biashara hiyo, Waafrika waliokutwa katika meli zilizokamatwa walishushwa Cape Town na kufungwa kwa mikataba ya uanagenzi iliyoweza kufika miaka 14.

Mlima waliujua watu hawa kuliko mabwana zao. Kijito kinachoshuka Platteklip ndiko wanawake watumwa walikofulia nguo za mji mzima, wakizianika juu ya majabali. Miteremko ndiko wenzao walikotumwa kutafuta kuni, na kadiri miti ya karibu ilivyokwisha ndivyo walivyolazimika kupanda zaidi na kurudi na mizigo mabegani. Walioamua kutoroka walijificha katika mapango na mabonde ya juu, wakila walichoiba au walichopelekewa kwa siri na wenzao wa mjini. Kutoka huko waliziona meli zote zikiingia ghubani, na hakuna hata moja ambayo ingewarudisha kwao. Utumwa ulifutwa rasmi tarehe 1 Desemba 1834, lakini iliwabidi kuwatumikia mabwana walewale hadi Desemba 1838.

Mambo mengine ya mlima yanajulikana na wengi. Mizinga ilitumika kutangaza kuwa meli imeonekana. Mzinga wa saa sita mchana, uliowasaidia mabaharia kuhakiki saa zao, umekuwa ukipigwa kutoka kilima jirani cha Signal Hill tangu 1902, kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu. Mtaalamu wa falaki Thomas Maclear aliagiza lirundikwe rundo la mawe mahali pa juu kabisa kwa ajili ya upimaji wa ardhi. Mabwawa yakajengwa huko juu ili mji upate maji, la kwanza, Woodhead, likikamilika 1897. Gari la waya lilianza kazi Oktoba 1929, na tangu hapo hata asiyeweza kupanda kwa miguu hufika.

Anayepanda kwa miguu kupitia Platteklip hukwea karibu mita 700 juu ya vidato vya mawe, vingine vikimfika magotini. Uso huu unatazama kaskazini, kwa hiyo jua humpiga karibu njia nzima. Karibu na juu kuta mbili za jabali husogeleana, kivuli huingia ghafla na upepo hugonga kifua. Ukitokeza, kulia ni kituo cha gari la waya. Kushoto ni njia ya kwenda kwenye rundo la Maclear, ambako watu hupungua na pimbi huota jua juu ya mawe. Upepo wa kusini-mashariki ukivuma, hewa yenye unyevu kutoka False Bay hupandishwa na mlima, hupoa na kuwa wingu linalofunika kilele chote kwa muda mfupi. Wengi wameponzwa na wingu hilo, kwa kuwa njia hupotea na genge liko hatua chache tu. Kabla halijaja, utakiona kisiwa cha Robben, ambako Nelson Mandela alifungwa tangu 1964 hadi 1982, akiutazama mlima huuhuu kutoka upande wa maji.

Kisiwa hichohicho kilimfunga Tuan Guru, mwanachuoni wa Tidore aliyeletwa na Waholanzi mwaka 1780. Akiwa kifungoni aliiandika Kurani kwa hifdhi. Alipoachiwa alifundisha watumwa na watu huru, akawa imamu wa msikiti wa Auwal, wa kwanza Afrika Kusini, na alipofariki mwaka 1807 alizikwa kwenye mteremko wa Signal Hill, juu ya mtaa wa Bo-Kaap. Kaburi lake ni mojawapo ya makaburi ya masheikh yaliyozunguka mji na milima yake. Wazao wa jamii aliyoilea bado huenda Signal Hill na ufukwe wa Sea Point jioni ya tarehe 29 Shaabani, wakasali Magharibi hukohuko na kuikodolea macho Atlantiki upande wa machweo, wakiutafuta mwezi wa Ramadhani. Mwezi ukiandama, habari hutangazwa jioni ileile, na misikiti ya mjini huanza tarawehe.