Kifusi cha fundi kinaendaga wapi?



Tukihesabu gharama ya nyumba ya mwenzetu tunaandika matofali, sima, manjanja na mshahara wa fundi. Kitu kimoja hakiingiagi kwenye karatasi: kile kinachobaki fundi akimaliza. Nacho kiko na historia yake.

Wazee wetu, toka Uvira mpaka Fizi, walijenga kwa miti, matete, udongo na majani. Nyumba ikizeeka, udongo ulirudi chini, miti ikawa kuni, majani yakaoza. Fundi hakuwa na taka ya kubeba. Hata matofali ya kuchoma yalipoingia wakati wa misioni na Wabelgiji, tofali lililovunjika lilijaza sakafu ya nyumba nyingine. Wakati wa Mobutu ikaja salongo. Tulifagia njia na kuzibua mifereji, lakini taka ya ndani ya parseli ilibaki shauri la mwenyewe.

Vita ya 1996 ikatutawanya. Walioishi Nyarugusu na Lugufu, kule Kigoma, wanakumbuka: unachimba shimo karibu na nyumba, unatoa udongo wa matofali, halafu shimo lile lile linapokea takataka. Lilikuwa na hatari yake, maana mvua ikinyesha linajaa maji, mbu wanazaliana, mtoto anaweza kutumbukia. Lakini kila mtu alijua taka yake iko wapi.

Oktoba 2005 HCR ilianza kurudisha watu kwa meli toka Kigoma mpaka Baraka. Sisi tuliofika Uvira tulikuta mji umebanwa, milima ya Mitumba mgongoni, ziwa mbele. Parseli ni ndogo, pa kuchimba shimo hakuna. Na vifaa navyo si vile vya wazee: sima, rangi ya mafuta, tiyo za plastiki, vigae, nyaya. Hivyo haviozi. Vifaa vimebadilika, mazoea yamebaki. Bado tunadhani udongo utameza.

Angalieni mapatano yetu. Mwenye nyumba na fundi wanapatana bei, vifaa na siku. Kifusi hakuna anayekitaja. Kazi ikiisha, fundi anasema: «Mimi tulipatana ukuta.» Mwenye nyumba anajibu: «Uchafu ni wako.» Mwishowe anaitwa kijana wa toroli, anapewa franka kidogo, hakuna anayemuuliza anakwenda wapi. Anamwaga pa karibu: kwenye mfereji, ukingoni mwa Kalimabenge au Mulongwe, ama ziwani.

Si kwamba vyote vinatupwa. Chuma na manjanja ya zamani vinauzwa, mbao inakuwa kuni (ile yenye rangi ya zamani msiipikie, moshi wake unaweza kuwa na sumu). Kinachotupwa ni kile kisicho na bei: plasta iliyobomolewa, makopo ya rangi, vipande vya tiyo.

Usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe ulifurika. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zikaharibika, na mitambo ya maji ya REGIDESO pia. Tusiseme mafundi ndio walileta maafa yale. Mvua kubwa ilishuka toka milimani. Lakini mfereji uliojaa plasta haupitishi hata mvua ya kawaida, na katika mji unaojua kolera, maji machafu yanayosimama si ya kuchezea. Nalo ziwa liko na mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, kule Kalemie. Kinachoingia Tanganyika hakitoki upesi.

Sheria ya mazingira ya Julai 2011 inasema mwenye kuchafua ndiye analipa. Katika parseli, mwenye kuchafua ni nani? Sisi tunajibu: ni wote wawili, na wapatane kabla ya jembe la kwanza.

Kwa hiyo wanachama, mkiandikiana na fundi, ongezeni mstari mmoja: nani anaondoa kifusi, anakipeleka wapi, kwa bei gani. Vipande vya matofali wekeni kando. Jirani anayeinua sakafu yake anavihitaji. Kijana wa toroli mwonyesheni mahali, na alipwe akisharudi.

Nanyi wafadhili, mkiona mstari wa «kuondoa kifusi» kwenye makadirio yetu, msiukate. Nyumba inayoziba mfereji wa jirani bado haijaisha kujengwa.