Kutoka Agincourt hadi Mombasa: Historia Fupi ya Umbali Wetu



Kabla hatujaanza kula na kutambulishana, naomba ruhusa ya wazee nieleze kidogo historia ya umbali ulio baina yetu. Hata jina la mtaa huu tunamokutana lilitoka ng'ambo: Agincourt ni kijiji cha Ufaransa kilichopiganiwa vita mwaka 1415, na jina lake likapewa posta ya hapa mwaka 1858.

Kutoka Toronto hadi Mombasa, kwa njia iliyo fupi kupita zote, ni takriban kilomita 12,600. Umbali huo haujapungua hata shubiri moja tangu enzi za babu zetu. Kilichopungua ni muda.

Waliopanda meli Kilindini kwenda London kupitia Suez walihesabu majuma matatu hivi, na Kanada ilikuwa bado ng'ambo ya bahari nyingine. Mwaka 1937 ndege za Imperial Airways, zilizotua majini, zilianza safari za Southampton hadi Durban zikipitia Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Majuma yakawa siku. Mwaka 1946 liliundwa shirika la East African Airways, na mwaka 1966 likapokea jeti za Super VC10; siku zikawa saa. Shirika hilo lilikufa mwaka 1977, Jumuiya ilipovunjika. Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza kuruka baina ya Nairobi na New York bila kutua njiani, kwa saa 14 au 15. Sisi wa Toronto hubadilisha ndege Ulaya, Ghuba au Addis Ababa, na hadi kufika Mombasa ni saa 20 na zaidi.

Nilihamia hapa mwaka 1990, mtu mzima niliyeacha kazi ya serikali. Usiku mmoja wa Januari 1994, saa tatu, simu ililia. Majira ya baridi Mombasa hututangulia kwa saa 8. Kule ilikuwa saa kumi na moja alfajiri ya siku ya pili. Baba alikuwa amefariki punde hivi. Kwa ada yetu maiti hacheleweshwi, na mazishi yalipangwa baada ya sala ya adhuhuri, saa saba mchana.

Nilichukua karatasi nikapiga hesabu, kama nilivyozoea ofisini. Baina ya simu na kaburi palikuwa na saa 8. Hata kama ndege ingalikuwapo uwanjani ikinisubiri mimi peke yangu, nayo ikaruka bila kutua, ingalihitaji saa 14. Baba alizikwa mimi nimeketi jikoni na karatasi ile mbele yangu.

Hakuna ndege ya abiria iwezayo kutuwahisha mazishi ya kwetu. Hesabu hiyo naijua, na naona afadhali vijana wetu waijue mapema kuliko kuijua usiku wa simu.

Kwa hiyo rai yangu kwa mkutano huu ni moja. Tumezoea kuchanga baada ya msiba. Tuanze kuchanga kabla. Tuweke mfuko wa nauli, na kila mwaka mmoja wetu, kwa zamu, aende kuwaamkia wazee wakiwa hai. Saa 20 hazitoshi kuwahi maziko, bali zatosha kwa mwenye kwenda kuketi barazani na mzazi wake akanywa naye kahawa.

Shikamooni wazee wetu. Karibuni nyote.